Nyuki, pilipili na taa: Jinsi wakulima wa Afrika Mashariki wanavyowazuia wanyamapori bila kuwaua

Mahindi yanapokaribia kukomaa, familia nyingi zinazoishi kando ya hifadhi za wanyama nchini Kenya, Tanzania na Uganda huanza kukesha. Baba hushinda usiku kucha shambani na tochi mkononi, mama hubaki nyumbani akisikiliza kila kishindo, na asubuhi watoto huenda shule wakiwa wamechoka. Tembo mzima hula takriban kilo 150 za majani na mimea kwa siku. Kundi dogo likiingia usiku katika shamba la ekari moja, kunapopambazuka mabua yamelala chini na chakula cha msimu mzima kimekwisha.

Hasira ya mkulima huyo inaeleweka. Lakini atamzuia vipi mnyama asirudi, bila kumuua na bila kuhatarisha maisha yake mwenyewe? Katika miaka ishirini iliyopita, majibu kadhaa yamepatikana, na baadhi yake yalianzia vijijini kwenyewe.

Sumu haichagui

Mwezi Aprili 2018, simba 11, wakiwamo watoto wanane, walikutwa wamekufa kwa sumu katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Matukio ya namna hiyo yameripotiwa pia Kenya na Tanzania, na mara nyingi hufuata mtindo mmoja: mfugaji hupoteza ng'ombe, kisha mzoga hutiwa dawa kali ya kuulia wadudu na kuachwa porini.

Anayekula mzoga huo si simba aliyeua ng'ombe peke yake. Fisi, mbweha, mbwa wa kijiji na makundi ya tumbusi hufa pamoja naye. Tumbusi wakipungua, mizoga mingine hukaa muda mrefu ikioza karibu na watu na mifugo. Na maadamu zizi bado ni dhaifu, simba au fisi mwingine ataingia palepale alipopita wa kwanza.

Mikuki na mishale nayo ina hatari yake. Tembo aliyejeruhiwa huwa mkali kuliko alivyokuwa, na anayekutana naye kesho yake njiani huenda akawa mtoto anayeteka maji.

Kwa nini uzio mmoja mkubwa hautoshi

Nchini Rwanda, Hifadhi ya Akagera ilizungushiwa uzio wa umeme wa takriban kilomita 120 katika mpaka wake wa magharibi, kazi iliyokamilika mwaka 2013. Katika milima ya volkano kaskazini mwa nchi, ukuta wa mawe umejengwa ili kuwazuia nyati wasishuke mashambani. Vizuizi hivyo vinafaa pale ambapo hifadhi ni ndogo na mpaka wake unajulikana wazi.

Hali ni tofauti kusini mwa Kenya. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi kwa pamoja zina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na hesabu ya mwaka 2021 ilikuta karibu tembo 15,000 katika eneo hilo pamoja na Mkomazi, upande wa Tanzania. Tembo hao husafiri mbali kufuata maji na malisho. Uzio wa umeme wa urefu huo ni ghali kuujenga na ghali zaidi kuutunza, na ungezifunga njia ambazo wanyama wamezipita kwa vizazi vingi. Kwa sababu hiyo, nguvu zimeelekezwa kwenye kulilinda shamba lenyewe.

Uzio unaonguruma

Njia iliyofanyiwa uchunguzi wa muda mrefu ni uzio wa mizinga ya nyuki. Wafugaji na warina asali walijua tangu zamani kwamba tembo huepuka miti yenye nyuki. Mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton waliandika juu ya jambo hilo, na baadaye mtafiti Lucy King alithibitisha kwamba hata sauti ya nyuki waliochokozwa, ikipigwa kwa kipaza sauti, huwafanya tembo wengi wakimbie. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humuuma kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga.

Uzio wenyewe si wa ajabu. Nguzo huchimbiwa kuzunguka shamba, na mizinga huning'inizwa kila baada ya mita 20, yote ikiunganishwa kwa waya. Kati ya mzinga na mzinga huwekwa kibao kilichopakwa rangi ya njano, ambacho kwa mbali hufanana na mzinga halisi na hupunguza gharama. Shamba la ekari moja lenye umbo la mraba lina mzunguko wa mita 250 hivi. Kwa hiyo huhitaji mizinga kama 12 au 13 na vibao idadi hiyohiyo. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Aliyewahi kuumwa hutingisha kichwa, hujirushia vumbi na kutoa mngurumo maalumu unaowaonya wenzake.

Katika eneo la Sagalla, karibu na mji wa Voi, uzio huo ulifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao uliweza kuwazuia hadi asilimia 86 ya tembo waliousogelea. Mkulima hupata pia asali ya kuuza na nyuki wa kuchavusha maua ya mazao yake.

Njia hiyo ina udhaifu wake. Mzinga mtupu haumtishi tembo kwa muda mrefu. Ukame wa mwaka 2017 uliwafanya nyuki wengi wahame, na ilichukua takriban miaka mitatu kabla ya mizinga kujaa tena. Uzio wa nyuki unahitaji maji karibu, maua, na mtu wa kuikagua mizinga mara kwa mara.

Pilipili, mabati na kelele

Pasipo nyuki, wakulima hutumia vitu vilivyo karibu. Kamba za katani hupakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya unga, kisha hufungwa kuzunguka shamba. Wengine huchanganya pilipili na samadi, hutengeneza matofali, huyakausha na kuyachoma jioni ili moshi wake mkali uelee upande wanakotokea tembo. Mvua kubwa huiosha kamba, hivyo ni lazima ipakwe upya.

Katika Kaunti ya Taita Taveta, vipande vya mabati hufungwa kwenye waya ili vigongane na kumetameta. Kaskazini mwa Tanzania, vikundi vya ulinzi vya vijiji hutumia tochi zenye mwanga mkali na honi kabla ya kufikia fataki, wakiwa pamoja na si mmoja mmoja. Utaratibu huo una sababu: tembo ni mnyama mwerevu, na kitisho kinachotumiwa kila usiku bila kubadilishwa hatimaye humzoea.

Zizi lenye mizizi

Dhidi ya simba, chui na fisi, kinga ya kwanza ni zizi imara. Uzio wa miiba uliozoeleka huoza na kupata mianya, na ng'ombe wakishtuka huuvunja wenyewe na kukimbilia gizani. Katika nyika za Wamasai nchini Tanzania, wafugaji wamejenga mazizi ya wavu wa seng'enge ulioshikizwa kwenye miti hai ya jamii ya manemane. Miti hiyo huchipua inapopandwa kama nguzo na huendelea kukua, hivyo mchwa hawaili kama wanavyokula nguzo kavu.

Nchini Kenya, Richard Turere, mtoto wa wafugaji wa Kitengela pembezoni mwa Hifadhi ya Nairobi, alitengeneza akiwa na umri wa miaka 11 mfumo wa taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi, kwa kutumia betri ya gari na umeme wa jua. Alikuwa amegundua kwamba simba hawaogopi taa iliyotulia mahali pamoja, bali mwanga unaotembea kama mtu aliyeshika tochi.

Nani abebe gharama?

Hakuna kinga isiyo na jasho, na jasho hilo humwagwa na familia ambazo mara nyingi hazinufaiki na fedha za watalii. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya hadi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini malalamiko ya malipo kuchelewa ni mengi. Tanzania hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa vifo. Majina hayo yenyewe yanakiri kwamba si thamani kamili ya kilichopotea. Rwanda nayo ina mfuko maalumu wa dhamana unaowalipa waathiriwa wa wanyama.

Kwa anayetaka kuanza, hatua ya kwanza ni kumjua mgeni: nyayo, kinyesi na saa anayokuja hueleza kama ni tembo, nyani au nguruwe mwitu, kwa kuwa kinga ya mmoja haimfai mwingine. Ya pili ni kuondoa kinachomwita: mavuno yasiachwe nje, na mazao yasiyopendwa na tembo, kama pilipili na ufuta, yapandwe upande unaoelekea porini. Ya tatu ni kushirikiana na majirani, kwani shamba moja lililozungushiwa mizinga humsukuma tembo kwenye shamba linalofuata. Mnyama akishaingia, asikabiliwe na mtu mmoja. Askari wa wanyamapori waitwe, na hasara ipigwe picha na kuandikishwa mapema, kabla alama hazijafutika.