UZI: Dawa ya magugu hukaa muda gani kwenye udongo wa Ukambani?

Msimu wa siasa ukifika, Kitui na Makueni utasikia haya mawili. Mmoja anasema dawa ikigusa udongo tu, imekwisha. Mwingine anasema imeshaua shamba milele. Mimi nasomea sayansi ya siasa, si udongo, lakini nyumbani ni Makueni na hii kitu imenisumbua.

Kwanza, "dawa ya magugu" si kitu kimoja. Glaifosati ikifika chini hushikwa kwa nguvu na chembe za udongo, ndiyo maana watu hupuliza kisha wakapanda muda mfupi baadaye. Hapo ndipo maneno ya "imekwisha" yametoka. Lakini kushikwa si kuisha. Kuimaliza ni kazi ya vijidudu vya udongo, na vikishaila vinaacha kitu kingine kinaitwa AMPA, ambacho hukaa zaidi ya glaifosati yenyewe.

Atrazini, ile ya shamba la mahindi, ni stori nyingine. Haishikwi sana, kwa hivyo inatembea na maji. Kwa wastani nusu yake huisha kwa kama siku 60. Piga hesabu: siku 60 imebaki nusu, 120 robo, 180 bado thumuni. Na huo ni wastani tu, kwa sababu vijidudu vinataka unyevu.

Sasa weka hiyo kwa mvua yetu. Tunategemea zaidi ile ya Oktoba hadi Disemba. Umepuliza Novemba, mvua ikakatika mapema, udongo ukakauka, vijidudu vikalala. Dawa nayo inabaki pale. Machi unaingiza ndengu. Mahindi huvumilia atrazini. Ndengu na maharagwe hapana. Zikikauka, kwenye baraza kelele yote ni "mbegu mbovu". Pengine ni mbegu kweli, lakini mbona hakuna anayeuliza shamba lilipulizwa nini?

Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa atrazini mwaka 2004, hofu ikiwa maji ya chini ya ardhi. Kwetu, mwaka 2019 ombi la kuondoa dawa kadhaa lilifika Bunge la Taifa. Kwa hivyo mtu anayetaka kiti cha kaunti akiahidi "nitapiga marufuku", ujue hana hayo mamlaka. Kusajili dawa ni kazi ya bodi ya kitaifa. Kaunti, kwa Katiba ya 2010, ina kilimo cha mazao: maofisa wa ugani, kupima udongo. Hayo ndiyo ya kumbana nayo.

Na wanaotaka zote zipigwe marufuku kesho, semeni pia nani atashika jembe. Nyanya yangu hapuliziwi shamba kwa kupenda. Vibarua wa palizi ni pesa, na vijana tuko Nairobi tukiandika nyuzi.

Likizo tulijaribu kitu rahisi. Makopo mawili: moja udongo wa shamba lililopulizwa, lingine udongo wa kando ya boma. Ndengu chache kila moja, maji sawa, tukangoja wiki tatu. Za boma zilikuwa kijani. Zile zingine ziliota vizuri tu, halafu majani ya chini yakaanza kugeuka manjano kutoka kingoni.

Nyanya akaangalia, akasema, "Basi hapo msimu huu ni mahindi tena."