Umeme Uwe wa Mwisho

Nyumbani kwetu redio ilivishwa. Mama alifuma kitambaa cheupe, akakitandika juu ya amplifaya ya baba, na juu yake akaweka maua ya plastiki. Ilipendeza. Jioni moja ya sikukuu, muziki umekolea, tukasikia harufu ya kuungua: kitambaa kilikuwa kimeziba matundu ya kutolea joto. Fundi aliyekuja kuitengeneza ndiye aliyenifundisha kazi hii, na somo lake la kwanza lilikuwa fupi: umeme uwe wa mwisho.

Kwa hiyo nikiitwa kufunga sabufa, naanza na mahali. Nataka meza isiyoyumba, mbali na dirisha linalopitisha mvua, na nafasi ya kiganja kila upande ili chombo kipumue.

Kisha spika. Nachuna ncha ya waya sentimita moja tu na kuisokota ikaze, kwani uzi mmoja wa shaba ukigusa upande wa pili ni shoti, na amplifaya inaweza kufa. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukigeuza spika moja haitaungua, ila besi itapwaya, maana koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta.

Wengi hutaka kuongeza spika. Kwanza soma maandishi ya nyuma. Spika mbili za ohm 8 zikifungwa sambamba huwa ohm 4. Kama chombo hakiruhusu kushuka chini ya ohm 8, kitachemka.

Ndipo ije zamu ya umeme. Volti 230 hazina msamaha. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta plagi imekatwa, nyaya zimechomekwa uchi kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti, na mtoto anatambaa hapohapo. Tafadhali, nunua plagi. Ile ya pini tatu ina fyuzi ndani. Ukiitupa, umemtupa mlinzi. Fyuzi ikikatika, weka ya kiwango kilekile, si waya wala karatasi ya sigara. Pasi isishiriki ekstensheni moja na muziki. Umeme ukikatika, zima ukutani na usubiri urudi na kutulia. Wala usifungue kifuniko mwenyewe: kapasita huweza kushika umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Mwisho, washa sauti ikiwa sifuri, kisha panda taratibu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa 4 tu. Huna kipimo? Ukilazimika kumpigia kelele aliyekaa karibu nawe, punguza. Amplifaya hutengenezeka, sikio halitengenezeki.

Mama bado anafuma. Kitambaa chake sasa kiko kwenye meza ya pembeni, na maua yako juu yake.