Duka lilibaki Kampala, chungu kikafika Leicester

OKTOBA na Novemba, mvua za vuli zinapoanza kunyesha Afrika Mashariki, mji wa Leicester nchini Uingereza huwa unaingia kwenye baridi. Majani ya miti hugeuka rangi ya kutu na kupukutika. Giza huanza kuwahi, na marafiki huanza kualikana majumbani kwa chakula cha jioni.

Mfanyabiashara wa Kampala au Mombasa akikaribishwa katika nyumba ya Kihindi huko, hasa mtaa wa Belgrave, asishangae sahani ya kwanza kuletwa mezani ikiwa ni muhogo. Huchemshwa, ukakaangwa, kisha ukanyunyiziwa chumvi, pilipili na ndimu. Wenyeji huuita "mogo". Hata wajukuu waliozaliwa Leicester, ambao hawajawahi kukanyaga Jinja wala Masaka, huuhesabu kuwa chakula cha kwao.

Nyuma ya sahani hiyo ipo hasara ambayo kila anayeishi kwa biashara ataielewa.

Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Wengi walikuwa wenye maduka, vinu vya pamba na mashamba ya miwa. Maduka yalifungwa huku bidhaa zikiwa bado zimepangwa. Fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa pauni 50 hivi kwa familia, na kwenye vizuizi vya barabara ya Entebbe wapo walionyang'anywa hata bangili za mkononi.

Uingereza ilipokea watu wapatao 28,000. Ndege ya kwanza ilitua uwanja wa Stansted tarehe 18 Septemba, majira ya baridi yakibisha hodi, na wengi waliofika walikuwa na nguo za joto la Uganda. Wengi walianza kwa kulazwa katika kambi zilizokuwa za jeshi. Mwezi huohuo baraza la mji wa Leicester lilikuwa limetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwashauri wasiende huko kwa sababu nyumba, shule na huduma nyingine zilikuwa zimelemewa. Maelfu walikwenda.

Hawakuwa na mtaji, ila ujuzi wa kupika haupekuliwi kwenye kizuizi. Ndiyo maana chakula cha jioni ya baridi katika nyumba hizo mara nyingi ni kile kisichohitaji fedha nyingi: kichri. Mchele na choroko hupikwa pamoja kwa manjano na chumvi mpaka vilainike, juu hutiwa samli. Pembeni huwa na kadhi, yaani mtindi uliopigwa na unga wa dengu, ukachemshwa polepole huku ukikorogwa usikatike. Mwishoni mafuta hupashwa moto, haradali hutiwa mpaka ianze kupasuka, na vyote humiminwa juu ya kadhi. Harufu yake humpokea mgeni akiwa bado mlangoni, hajavua koti.

Maneno nayo yalisafiri. Wazee wengi wa Kigujarati waliokulia Afrika Mashariki bado husema "sufuria", "kisu" na "fagio" katikati ya Kigujarati chao. Sisi nasi tulipokea kwao: chapati, achari, gari, hundi, na laki tunayohesabia fedha.

Huku nyuma, Uganda ililipa gharama yake. Maduka yaligawiwa watu, wengi wao wanajeshi, ambao hawakujua mzigo unaagizwa wapi wala nani anakopesheka. Bidhaa zilipokwisha hazikurudi rafuni. Sukari, chumvi na sabuni vikaadimika, na magendo yakashamiri mipakani. Mkulima aliyezoea kununua chumvi dukani akawa anaitafuta kwa mlanguzi. Waliofukuzwa walipoteza maduka, na waliobaki wakapoteza njia ya mzigo. Baadaye serikali ya Uganda ilianza kurudisha mali, na baadhi ya wenye mali walirejea.

Leicester nayo ilibadilika. Barabara ya Belgrave ikajaa maduka ya sari, vito, viungo na vyakula, na taa za Diwali zinazowashwa hapo kila mwaka huvuta maelfu ya watu wa kila dini. Kwenye maduka hayo muhogo hupatikana, mbichi au uliogandishwa.

Mezani, jioni ya baridi, anaweza kukaa jirani Mwingereza, mfanyakazi mwenzake mwenye nyumba kutoka Somalia, na binamu aliyepitia Nairobi. Hakuna anayehutubia kuhusu 1972. Atakayeuliza habari za zamani atajibiwa kwa jina la mtaa, rangi ya mlango wa duka, na bei ya kitenge siku ile ya mwisho, kisha ataambiwa aongeze chakula.

Kichri ikilala huwa ngumu, kwa hiyo mwenyeji huwahimiza wageni waimalize. Kadhi inayobaki hutiwa kwenye kopo, akapewa yule anayeishi peke yake aende nayo nyumbani. Siku ya pili huja kurudisha kopo, na kwa desturi ya Kihindi, kama ilivyo kwa Waswahili, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.