Umeme Ukikatika Video Haijaisha

Kwaya za Kasulu hazina haraka. Huu ni mji wa makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na tamasha moja la uimbaji linaweza kumchosha mpiga video kutwa nzima. Akirudi studio, anakuta vipande. Kadi za GB 32 kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, usiokubali faili kufika GB 4, hivyo kamera hukata wimbo katikati ya kiitikio na kuuendeleza kwenye faili jingine.

Wengi hufungua programu nzito ya kuediti na kurenda upya kila kitu, ili tu kuunga vipande. Ni kupoteza muda. FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, haina madirisha wala vitufe, unaiandikia amri. Weka majina ya vipande kwenye orodha.txt, kila mstari ukianza na neno file, kisha andika:

ffmpeg -f concat -i orodha.txt -c copy kwaya.mp4

Uzito wote uko kwenye -c copy. Picha na sauti zilizokwisha kugandamizwa zinahamishwa jinsi zilivyo, kama magunia ya maharage yanayopakiwa gari jingine bila kufunguliwa. Ubora haupungui, na laptopu kuukuu inatosha. Ila ukikata video kwa njia hii, huwezi kuanzia popote upendapo: picha nyingi hurekodi mabadiliko tu, na mkato mzuri sharti uangukie kwenye picha kamili.

Kupunguza ukubwa ni shughuli nyingine. Tuseme ni harusi: ndugu wa bwana harusi walioko Kibondo wanataka video ya kutazama kwenye simu, isiyomaliza bando. Hapo hakuna njia ya mkato, lazima kugandamiza upya, na saa zinakwenda.

Sasa umeme. Mkoa wa Kigoma, ilipo Kasulu na Kibondo, ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Kabla ya hapo miji hii iliwashwa na jenereta za dizeli. Hata wa gridi hukatika, na MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa. Ukikatika kazi ikiwa asilimia 95, linabaki faili zito lisilocheza, na fundi analaumu flashi. Ndiyo maana naandika hivi:

mkdir -p tayari
for f in *.MP4; do
[ -f "tayari/$f" ] && continue
ffmpeg -y -i "$f" -vf scale=-2:480 -crf 28 muda.mp4 && mv muda.mp4 "tayari/$f"
done

Kila video inatengenezwa kwa jina la muda, na inaingia tayari ikiwa imekamilika tu. Umeme ukirudi, endesha amri zilezile: zilizokwisha zinarukwa, iliyokatika inaanza upya. Namba 28 ni kiwango cha mgandamizo. Ikipanda, faili linapungua na sura za watu zinaanza kuvurugika. Kwa harusi nisingevuka 30, maana bibi harusi ataangalia uso wake kwanza.

Kuchagua tukio lipi libaki bado ni kazi ya macho. Kwa hilo kuna Kdenlive, programu ya kuediti, nayo huria. Mradi wake ukishahifadhiwa, amri ya melt inaweza kuurenda usiku bila kufungua programu yenyewe.