Hazina Iliyofichika Chini ya Mikoko

Sisi watu wa pwani tumezoea kuithamini mikoko kwa kuitazama juu. Tukiuona mti ulionyooka, huhesabu boriti. Boriti ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya wazee wetu, kwani chumba hakikuweza kuushinda urefu wa mti, na majahazi ya Lamu yalizichukua hadi Bara Arabu, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Wanasayansi wa zama hizi wametazama chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopima mikoko ya nchi za Asia na visiwa vya Pasifiki, ulikuta kiasi cha tani 1,000 za kaboni katika hekta moja, na sehemu yake kubwa haimo mtini bali topeni. Mizizi na majani yanayozama katika tope lisilo na hewa hayaozi upesi. Hulundikana karne baada ya karne.

Hapa kwetu Gazi, katika kaunti ya Kwale, watafiti waliiua miti katika vipande vidogo vya msitu ili waone litakalotokea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Penye miti hai ardhi iliendelea kuinuka kidogo kidogo. Palipouawa miti, ardhi ilididimia kwa haraka na hewa ukaa ikazidi kutoka. Kwetu sisi hilo la kudidimia ndilo zito zaidi, kwa kuwa bahari nayo inapanda. Mwenye kukata hujua ni boriti ngapi alizochukua. Ardhi aliyoishusha haioni.

Hata hivyo, ndugu zetu, si haki kumlaumu baba anayetafuta miti ya kumjengea mwanawe chumba. Ahitaji mti mwingine. Watu wa Gazi na Makongeni walilifahamu hilo. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wanahifadhi hekta 117, wanauza kaboni iliyohifadhiwa, na mapato yameleta maji na vitabu vya shule. Pamoja na hayo wamepanda mivinje, ipatikane miti ya kujengea na kuni.

Lau tungeulizwa pa kuanzia kwingineko, tungesema ni kwenye matanuri ya chokaa. Humo mkoko mzima huwa majivu kwa siku chache, na mvinje nao huwaka vizuri.