Figo Iliyotolewa Huhifadhiwaje?

Watu wengi hudhani kuwa katika kubadili figo kazi ngumu ni ya kisu peke yake. Sisi twaona sivyo. Kuna saa chache baina ya kutolewa figo kwa mtu mmoja na kutiwa kwa mwingine, na saa hizo zaweza kuharibu kila kitu.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Dokta Joseph Murray na wenzake walimpa Richard Herrick figo ya pacha wake, Ronald. Safari ya figo ile ilikuwa fupi, kwani ndugu hao walipasuliwa katika vyumba vya jirani. Lakini figo ya marehemu aliyefia mji wa mbali itasafirije, nayo haina damu?

Kwanza hupozwa. Kila mwenye jiko ajua kuwa samaki wa barafu hukawia kuoza. Figo nayo ikipozwa hata kiasi cha digrii 4, hutaka hewa na chakula kidogo mno. Wala haigandishwi, maana barafu ikifanyika ndani yake huzipasua chembe hai.

Hata hivyo baridi ina ila yake. Chembe hai hazipumziki, hutoa sodiamu nje na kuweka potasiamu ndani. Zikipoa, kazi hiyo husimama, maji yakaingia, zikavimba. Ndipo mwaka 1969 Dokta Geoffrey Collins wa Los Angeles alipotengeneza maji ya dawa yenye potasiamu nyingi, mfano wa yaliyomo ndani ya chembe zenyewe. Figo za mbwa zikadumu saa 30 katika barafu. Dokta Folkert Belzer wa San Francisco alikwisha shika njia nyingine tangu 1967: mashine isukumayo maji baridi ndani ya figo mfululizo, kama moyo usukumavyo damu. Uchunguzi wa Ulaya uliotangazwa 2009 ulionyesha kuwa figo za mashine zilizochelewa kuanza kazi zilikuwa chache kuliko za barafu.

Baraza la Fiqhi lililokutana Jidda mwaka 1988 liliruhusu kiungo cha maiti kwa masharti, mojawapo idhini yake au ya warithi wake, na likakataza kukiuza. Lakini figo haingoji matanga yaishe. Jamaa ambao hawakupata kulizungumza jambo hili nyumbani huulizwa mlangoni pa wodi, saa ile ile ya kilio.