Programu za roboti: Jinsi kufuli moja lilivyokisumbua chombo kwenye sayari ya Mirihi

Tarehe 4 Julai 1997, chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi kikiwa kimebeba roboti ndogo ya magurudumu sita, Sojourner, yenye uzito wa kilo 10 na ushei. Siku chache baadaye, chombo kilipokuwa kimeanza kukusanya takwimu za hali ya hewa, kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Takwimu zilizokwisha kupatikana hazikupotea, lakini kazi zilizosalia za siku hiyo zililazimika kungoja kesho yake. Kwa chombo kilichopangiwa kufanya kazi mwezi mmoja tu, hasara hiyo haikuwa ndogo.

Chanzo hakikuwa vumbi wala baridi ya Mirihi. Kilikuwa ndani ya programu.

Anayeandika programu ya roboti hukabiliwa mapema na uchaguzi wa mtindo. Mtindo mkongwe ni wa mzunguko mmoja: kompyuta husoma vihisi, huamua, huendesha magurudumu, kisha hurudi mwanzo. Kila jambo lina zamu yake, na msomaji wa msimbo anaweza kuufuata kwa kidole. Sojourner yenyewe iliendeshwa hivyo, kwa kompyuta ya megahezi 2 tu. Udhaifu wa mtindo huu ni kwamba shughuli moja ikichelewa, zote huchelewa.

Chombo kilichoibeba kilikuwa na majukumu mengi zaidi: redio, kamera, vipimo vya hewa. Kwa hiyo waandishi wake walichagua mtindo wa kazi nyingi zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na kipaumbele chake. Kazi ya cheo cha juu ikihitaji kompyuta, ya chini hupisha. Ila kuna vitu vinavyotumiwa kwa pamoja, na hivyo hulindwa kwa kufuli ili kazi mbili zisivishike kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo palipozuka balaa. Tuchukue mfano wa nyumba yenye ghala moja na ufunguo mmoja. Mtoto ameingia ghalani kuchota mchele. Baba anauhitaji ufunguo, anaambiwa asubiri kidogo. Kabla mtoto hajamaliza, shangazi anamtuma dukani, na kwa kuwa shangazi ni mkubwa kwake, mtoto anatii na kuondoka na ufunguo mfukoni. Shangazi hana haja na ghala, wala hakukusudia kumvunjia baba heshima. Hata hivyo, baba amekwama.

Kwenye Mirihi, mtoto alikuwa kazi ya kukusanya takwimu za hali ya hewa, shangazi ni mawasiliano, na baba ni kazi ya kugawa taarifa ndani ya chombo. Kazi nyingine iliyosimamia ratiba iligundua kwamba baba hajamaliza kwa wakati, ikadhani mambo yameharibika, ikaamuru kompyuta ianze upya.

Wahandisi wa maabara ya Jet Propulsion ya NASA, huko California, waliendesha nakala ya chombo hicho hapa duniani hadi hitilafu ikajitokeza mbele ya macho yao. Kujizima kwa namna hiyo kuliwahi kuonekana katika majaribio kabla ya safari, lakini hakukupatiwa maelezo. Dawa ilikuwa tayari ndani ya mfumo, ila haikuwa imewashwa: anayeshika ufunguo unaosubiriwa na mkubwa hupewa cheo cha mkubwa huyo hadi aurudishe, na shangazi hawezi kumtuma popote. Marekebisho mafupi yakarushwa kwa redio, na chombo kikatulia.

Lingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mtindo wa kazi sambamba haufai. Roboti Curiosity, iliyotua Mirihi mwaka 2012, ina zaidi ya mistari milioni 2 ya msimbo. Mzigo wa namna hiyo haubebeki kwa mzunguko mmoja. Kinachobadilika ni ukali wa nidhamu. Mwaka 2006, Gerard Holzmann wa maabara hiyohiyo alichapisha masharti kumi ya kuandika programu zisizoruhusiwa kushindwa. Miongoni mwake: kila mzunguko uwe na kikomo kinachojulikana, kipande kimoja cha msimbo kisizidi ukurasa mmoja, yaani mistari 60 hivi, na programu isiombe kumbukumbu zaidi baada ya kuanza kazi. Kwa mwandishi wa programu za simu, sharti hilo la mwisho ni kama pingu. Lakini kumbukumbu inayoombwa katikati ya kazi huweza kukosekana. Simu ikikwama, mwenyewe huizima akaiwasha; kwenye Mirihi hakuna mkono wa kufanya hivyo, na mwezi ule wa Julai ujumbe wa redio ulichukua takriban dakika 10 kufika.

Sojourner, iliyopangiwa siku 7, iliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya siku 80. Mawasiliano kamili ya mwisho na chombo yalipatikana tarehe 27 Septemba 1997.